Bandari 34 kwa meli moja: Safari ya pwani ya Norwei

Meli inapofika Havøysund, kijiji cha wavuvi katika mkoa wa Finnmark kaskazini kabisa mwa Norwei, hakuna ngoma wala mashada ya maua. Mlango wa ubavuni unafunguliwa, kamba zinatupwa, na kabla meli haijatulia vizuri gatini, foklifti imeshaanza kutoa paleti za bidhaa za madukani. Wanashuka watu wachache: mwanamke na mtoto wake, kijana mwenye begi mgongoni, fundi na sanduku lake la vifaa. Wanapanda wengine wachache. Juu kwenye deki, watalii wamejipanga na kamera zao, na hakosekani anayeuliza kama upo muda wa kushuka kunyoosha miguu. Muda huo haupo. Honi inalia, mlango unafungwa, na meli inashika njia ya bandari inayofuata.

Meli nyingi za kitalii duniani huenda mahali kwa sababu watalii wanapapenda. Hizi za pwani ya Norwei huenda kwa sababu kuna watu wanaosubiri mzigo na ndugu zao, na mtalii hupewa nafasi ya kufuatana nao. Ni daladala ya baharini, yenye vyumba vya kulala, mgahawa mzuri na madirisha makubwa ya kutazamia milima.

Njia inaanzia Bergen, kusini-magharibi mwa nchi, na kuishia Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi. Kwenda na kurudi ni siku 12, mwendo wa maili za baharini zipatazo 2,500. Vituo ni 34. Meli ni 11, na jioni baada ya jioni, kiangazi na majira ya baridi, moja hung'oa nanga Bergen saa 2:30 usiku. Tangu 2021 kazi hiyo imegawanywa kwa kampuni mbili: Hurtigruten yenye meli saba, ambayo jina lake ndilo watu wengi hulitumia kuiita njia nzima, na Havila yenye meli nne. Zote zina mkataba na serikali unaokwisha mwaka 2030. Serikali inalipa fedha ili abiria wa kawaida wapate usafiri kutoka bandari moja hadi nyingine mwaka mzima, na ili shehena ifike kwenye miji na vijiji vya kati ya Tromsø na Kirkenes. Watalii wanajaza vyumba vilivyobaki, na fedha zao zinasaidia kuiendesha biashara hiyo.

Nahodha aliyekubali kazi iliyokataliwa

Huduma hii ilizaliwa kutokana na shida ya barua. Katika karne ya 19, barua iliyotumwa kutoka Trondheim kwenda Hammerfest iliweza kuchukua wiki tatu wakati wa kiangazi, na hadi miezi mitano majira ya baridi. Wavuvi wa kaskazini walikuwa wanavua samaki waliouzwa Ulaya nzima, lakini habari za bei ziliwafikia msimu ukiwa umeshapita.

Serikali ilipotafuta kampuni ya kuendesha meli ya haraka usiku na mchana, kampuni mbili kubwa za wakati huo zilikataa. Hoja yao ilikuwa na uzito. Kaskazini ya Trondheim kulikuwa na minara ya taa 28 tu, ramani za bahari zilikuwa mbili, na njia yenyewe imejaa miamba. Isitoshe, majira ya baridi huko giza hutanda kwa wiki nyingi bila jua kuchomoza.

Aliyekubali alikuwa nahodha Richard With wa Stokmarknes, mwasisi wa kampuni ndogo ya meli katika visiwa vya Vesterålen. Yeye na rubani wake, Anders Holte, walikuwa wameweka kwa muda mrefu kumbukumbu za safari zao: uelekeo wa dira, kasi ya meli, na muda kutoka rasi moja hadi nyingine. Kwa daftari hilo, saa na dira, waliamini kwamba meli ingeweza kwenda hata pasipoonekana kitu. Tarehe 2 Julai 1893, meli ya mvuke Vesteraalen iliondoka Trondheim. Baada ya saa 67 ilikuwa Hammerfest.

Miaka mitano baadaye kituo cha kuanzia kilisogezwa hadi Bergen, na mwaka 1914 Kirkenes ikawa mwisho wa njia. Katika Vita vya Pili vya Dunia meli kadhaa za njia hii zilizamishwa pamoja na abiria wake, nyingine kwa mabomu na torpedo za nchi washirika zilizokuwa zikipigana na Wajerumani walioikalia Norwei. Leo Stokmarknes ina jumba la makumbusho ambalo ndani yake imehifadhiwa meli nzima, Finnmarken ya mwaka 1956. Meli zinazorudi kusini husimama hapo, na abiria hupata muda wa kwenda kuitembelea.

Bahari isiyoganda

Anayetazama ramani atashangaa kwamba njia hii inapitika. Sehemu yake kubwa iko kaskazini ya Duara la Aktiki, latitudo ambazo kwingineko, kama vile Greenland, bahari yake hushikwa na barafu kila mwaka. Pwani ya Norwei inaokolewa na maji ya uvuguvugu yanayosukumwa na mkondo wa bahari kutoka upande wa Karibi kuvuka Atlantiki. Ndiyo maana hata Kirkenes, karibu na latitudo ya 70, meli huingia Januari.

Umbo la pwani nalo limechongwa na barafu ya zamani. Mito ya barafu ilichimba mabonde hadi chini ya usawa wa bahari, kisha ikayeyuka, na bahari ikaingia. Hivyo ndivyo zilivyopatikana fiodi, yaani mahori marefu na membamba yenye kuta za mawe pande zote mbili. Ndefu kuliko zote nchini, Sognefjord, inaingia bara kilomita 205, na kina chake kinapita mita 1,300. Nje ya fiodi kuna visiwa kwa maelfu vinavyokinga mawimbi ya Atlantiki, kiasi kwamba kwa sehemu kubwa ya safari meli hupita kwenye mlangobahari, nchi ikiwa kushoto na kulia.

Si kote, hata hivyo. Ziko sehemu ambako ngao ya visiwa hukatika: rasi ya Stad, eneo la Hustadvika, na mlango mpana wa Vestfjorden kabla ya kufika Lofoten. Hapo ndipo vikombe huanza kuteleza mezani na waliokuwa wanasifia supu hutafuta vyumba vyao. Tarehe 23 Machi 2019, meli ya kitalii Viking Sky, ambayo si ya njia hii, ilizimikiwa injini zote katikati ya dhoruba ya Hustadvika ikiwa na watu 1,373. Helikopta ziliwanyanyua watu 479 mmoja mmoja kabla injini hazijawashwa tena na meli kuingia Molde siku iliyofuata. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafuta ya kulainishia injini yalikuwa pungufu, na meli ilipoyumba sana pampu zikakosa cha kuvuta.

Meli inakwenda majini, wewe unaikimbiza barabarani

Bandari nyingi hupewa robo saa au nusu saa tu. Chache ndizo zenye saa tatu au nne: Trondheim, Bodø, Tromsø, Honningsvåg, Kirkenes. Matembezi ya nchi kavu yamepangwa kwa kuufuata mtindo huo, na ufundi wake unavutia. Abiria hushuka bandari moja, hupanda basi, huvuka milima wakati meli ikizunguka rasi, kisha huipata bandari ya mbele. Anayekwenda na basi la meli yuko salama, kwa sababu dereva na nahodha wanawasiliana. Anayetembea kivyake achunge saa yake. Meli ina ratiba ya watu wengine na haimsubiri mtu.

Mfano wa kupendeza uko kwenye safari ya kurudi kusini. Asubuhi basi linawachukua abiria Harstad, linapitia kanisa la mawe la Trondenes lililojengwa zama za kati, kisha linakwenda hadi daraja la Sortland. Likifika juu ya daraja, meli yenyewe inapita chini yake. Nahodha anapiga honi, abiria walio kwenye basi wanapunga mikono madirishani, na walio kwenye deki wanajibu. Dakika chache baadaye wote wako gatini, wakirudi vyumbani mwao.

Bergen, mahali pa kuanzia, panastahili siku moja kabla ya kupanda meli. Pana mvua, siku zaidi ya 200 kwa mwaka hunyesha. Kwenye gati la zamani, Bryggen, zimepangana nyumba za mbao zilizoelekeza mapembe yake ya paa baharini, nazo ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979. Humo ndimo wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa walimofungua ofisi yao mnamo 1360, wakinunua samaki wakavu wa kaskazini na kuuza nafaka. Biashara hiyo ndiyo iliyoujenga mji.

Siku ya pili ni ya Ålesund. Usiku wa tarehe 23 Januari 1904, moto uliteketeza nyumba zipatazo 850 za mbao na kuwaacha watu 10,000 bila makazi katika baridi kali, ingawa aliyekufa alikuwa mmoja tu. Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, aliyezoea kupumzika katika fiodi za jirani, alituma meli zenye chakula na mablanketi. Mji ukajengwa upya kwa mawe kwa miaka michache tu, na kwa sababu wasanifu wake walikuwa vijana waliotoka masomoni wakati mmoja, mitaa karibu yote ina mtindo mmoja: minara midogo, maua na sura za watu zilizochongwa juu ya milango.

Miezi ya kiangazi meli huacha njia yake ya kawaida na kuingia Geiranger, fiodi ya kilomita 15 iliyowekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Maporomoko ya maji yanashuka kutoka mamia ya mita, na kwenye vikuta vya mlima bado yapo mashamba yaliyohamwa, mengine yakifikika kwa ngazi tu. Uzuri huo una upande wake wa hatari. Mwaka 1934, jabali lilidondoka katika fiodi ya jirani ya Tafjord, likainua wimbi lililoua watu 40. Sasa wataalamu wanafuatilia mchana na usiku ufa wa mlima Åkerneset, unaopanuka kwa sentimita kadhaa kila mwaka, na vijiji vya chini yake vina ving'ora na njia za kukimbilia. Abiria wanaochagua matembezi hushushwa Geiranger kwa mashua, hupanda kwa basi kona kumi na moja za Barabara ya Tai, na kwenda kuikuta meli Molde usiku.

Trondheim hupewa saa chache za siku ya tatu. Kanisa kuu la Nidaros lilianza kujengwa mnamo 1070 juu ya kaburi la mfalme Olav, aliyeuawa vitani mwaka 1030 na baadaye kuhesabiwa mtakatifu. Mahujaji wanaokwenda huko kwa miguu, kwa njia ndefu kutoka Oslo, bado wapo.

Maji ya barafu mgongoni

Alfajiri ya siku ya nne meli inapita kando ya kisiwa kidogo cha mawe chenye sanamu ya tufe la dunia. Hapo ni Duara la Aktiki, latitudo ya nyuzi 66 na dakika 33. Baadaye kidogo abiria wanaitwa kwenye deki, ambako Neptuni, mfalme wa bahari mwenye ndevu za kamba ambaye kwa kawaida ni mfanyakazi wa meli, anawangoja na ndoo. Mtu anainamisha shingo, anamiminiwa upawa wa maji yenye vipande vya barafu ndani ya ukosi wa shati, anapiga kelele, kisha anapewa kikombe kidogo cha kujipasha moto. Wakati wa kurudi, sherehe ni nyingine: kijiko cha mafuta ya ini la samaki, dawa ambayo watoto wa Norwei wamekuwa wakimezeshwa vizazi na vizazi ili wavuke msimu usio na jua.

Mchana meli iko Bodø. Nje ya mji kuna Saltstraumen, mlango wa bahari wenye upana wa mita 150 hivi, ambamo kila baada ya saa sita maji kujaa na kupwa hulazimisha mita za ujazo milioni 400 zipite. Kasi yaweza kufika kilomita 37 kwa saa. Watalii huvalishwa makoti mazito ya kuelea na kupelekwa kwa boti za mpira zenye injini kali hadi kwenye kingo za vimbunga vya maji. Wenyeji wako ufukweni na ndoano zao, maana palipo na msukosuko huo ndipo samaki walipo wengi.

Jioni visiwa vya Lofoten vinatokea mbele, ukuta wa vilele vyeusi vinavyoinuka moja kwa moja kutoka majini. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo panapoeleweka kwa nini kuna watu katika pwani hii ngumu. Kila mwaka, kuanzia Januari, samaki wanaoitwa skrei huja kutoka Bahari ya Barents kutaga mayai katika maji ya Lofoten. Wavuvi huwakata vichwa, huwafunga mikia wawili wawili na kuwatundika kwenye vichanja vya miti virefu kuliko nyumba, kuanzia Februari hadi Mei. Hakuna chumvi wala moshi. Baridi iliyo karibu na nyuzi sifuri, upepo na jua hafifu vinatosha: si baridi ya kugandisha nyama, si joto la kuleta inzi. Wanaobaki ni ng'onda wakavu kama kuni, wanaokaa miaka bila kuoza.

Samaki bora hununuliwa Italia, ambako kisa chake huanzia kwa Pietro Querini, nahodha wa Venisi aliyevunjikiwa na meli na kuokolewa na wavuvi wa kisiwa cha Røst majira ya baridi ya 1431 kuamkia 1432. Vichwa navyo havitupwi. Vinatungwa kwenye kamba, vinaanikwa na kusafirishwa hadi Nigeria, ambako ni kiungo cha mchuzi kinachopendwa sana, hasa na Waigbo. Samaki hao wakavu waliingizwa kwa wingi kama chakula cha msaada wakati wa vita vya Biafra, kati ya 1967 na 1970, na walaji hawakuwaacha. Kabla ya kutungwa, vichwa hupita mikononi mwa watoto. Baada ya masomo, mtoto wa Lofoten husimama mbele ya ndoo, huchomeka kichwa cha samaki kwenye msumari uliosimamishwa mbele yake, na kwa kisu kimoja hukata ulimi. Ndimi huuzwa kwa kilo, na fedha ni yake mwenyewe.

Kituo cha Svolvær kikipita, na hali ya hewa ikiruhusu, nahodha huiingiza meli kwenye Trollfjord, ambayo mlango wake una upana wa mita 100. Kuta ziko karibu kiasi kwamba mtu wa mbele anatamani kuzigusa, na humo ndani meli inageuzwa mahali pale pale iliposimama. Mwaka 1890, stima ziliufunga mlango huo kwa nyavu ili zijitwalie samaki wote waliojaa ndani. Wavuvi wa mashua za makasia wakazivamia. Baada ya vurugu hizo sheria ilipiga marufuku nyavu za kuzingira katika uvuvi wa Lofoten, na wavuvi wadogo wakabaki na bahari yao.

Kaskazini ya yote

Tromsø, siku ya tano, ni mji wa chuo kikuu, wa kanisa jeupe la pembetatu lililojengwa 1965, na wa matembezi ya usiku. Jua halizami kabisa kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi. Wanaosafiri majira ya baridi wanafuata aurora, mianga ya kijani inayotanda na kukunjika angani. Ikionekana, vipaza sauti vya vyumbani vinatangaza hata saa nane za usiku, na watu wanatoka kwenye deki na makoti juu ya nguo za kulalia.

Siku ya sita ni Honningsvåg, na basi la kilomita 34 kwenda Nordkapp, jabali la mita 307 juu ya bahari. Mfalme Oscar II alifika huko mwaka 1873, na mfalme Chulalongkorn wa Siam mwaka 1907. Chumba cha kumbukumbu yake kipo hadi leo. Ukweli ni kwamba rasi ya jirani, Knivskjellodden, imeenda kaskazini zaidi kidogo, lakini haina jabali la kupigia picha wala mkahawa. Njiani basi hupunguza mwendo kupisha makundi ya reinidia, wanyama wa pembe wanaofugwa na Wasami, watu wa asili wa kaskazini, ambao huwaleta kisiwani kula majani wakati wa kiangazi.

Kirkenes iko kwenye longitudo moja na Kigali, mashariki kuliko Istanbul. Majina ya mitaa yameandikwa kwa Kinorwei na Kirusi, na katika Vita vya Pili vya Dunia mji ulishambuliwa kwa ndege mara zaidi ya 300, wakazi wakijificha kwenye pango ambalo sasa linatembelewa na watalii. Matembezi yanayopendwa zaidi ni ya kaa wakubwa. Wanasayansi wa Kisovieti waliwahamisha kutoka Pasifiki hadi maji ya Murmansk katika miaka ya 1960. Kaa hawakujali mpaka, wakaenea Norwei. Mgeni anakwenda kwa boti, mtego unainuliwa, na kaa mwenye miguu mirefu anachemshwa kwa maji ya bahari na kuliwa na mkate na siagi.

Kutoka hapo meli inageuka, na vituo vilivyopitwa usiku wakati wa kwenda vinaonekana mchana. Hammerfest ni kimojawapo. Mwishoni mwa vita, majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yaliuteketeza mji mzima, yakabakiza kanisa dogo la makaburini. Karibu kila jengo analoliona msafiri lilijengwa baada ya vita.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wanorwei wenyewe wanaipenda njia hii kuliko matangazo yoyote yawezavyo kueleza. Juni 2011, televisheni ya taifa, NRK, ilionyesha moja kwa moja safari nzima ya meli Nordnorge kutoka Bergen hadi Kirkenes, saa 134 bila kukatiza. Hakukuwa na mtangazaji wa kupayuka. Kamera tu, zikitazama pwani ikipita. Watu wapatao milioni 3.2, katika nchi ya watu milioni tano, waliitazama kwa muda fulani. Vijiji viliwasha mioto ufukweni, bendi za shule zikapiga gatini usiku wa manane, na malkia Sonja akapunga mkono kutoka kwenye jahazi la kifalme.

Mapenzi hayo hayaondoi malalamiko. Mashirika ya wavuvi na halmashauri za kaskazini hunung'unika kila meli inapoahirishwa kwa dhoruba au matengenezo, kwa sababu kwao kukosekana kwa meli ni mzigo kutofika. Upande wa pili ziko meli kubwa za kitalii zisizo za njia hii, ambazo moja yaweza kushusha watu 3,000 Geiranger, kijiji cha wakazi mia mbili na ushee. Moshi wake ulikuwa ukitanda juu ya fiodi siku zisizo na upepo. Bunge liliamua mwaka 2018 kwamba meli zinazoingia kwenye fiodi za Urithi wa Dunia ziache kabisa kutoa hewa chafu ifikapo 2026. Baadaye tarehe hiyo ikabaki kwa meli ndogo, na kubwa zikapewa hadi 2032. Meli nne za Havila tayari zinatumia gesi asilia na betri za kilowati-saa 6,100, zinazoweza kuipeleka meli saa nne bila injini kuwaka. Hapo ndipo mtu hugundua sauti ya maporomoko ilivyo kubwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, safari ya namna hii si jambo la kigeni. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilizamishwa Ziwa Tanganyika 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927. Kwa miongo mingi ilipita Kigoma hadi Mpulungu ikipokea abiria, dagaa na magunia kutoka mitumbwi ya vijiji visivyo na gati, huku wageni wachache wakipiga picha kutoka daraja la kwanza. Kiwanda kilichoiunda, Meyer, hadi leo kinatengeneza meli za kitalii. Mombasa nayo imejenga jengo la kupokelea abiria wa meli za aina hiyo, na Zanzibar huwapeleka kwenye mashamba ya viungo na Mji Mkongwe. Tofauti ni kwamba abiria hao hushuka kwenye meli isiyobeba mwenyeji hata mmoja.

Anayetaka kwenda Norwei ajue kwamba viza yake ni ya Schengen, ingawa nchi hiyo haimo katika Umoja wa Ulaya, na kwamba bei za huko ni kali. Nusu ya njia, Bergen hadi Kirkenes kwa siku saba na kurudi kwa ndege, inawatosha wengi. Mwenye bajeti ndogo anaweza kukata tiketi ya kituo hadi kituo, kama afanyavyo mkazi wa pwani. Kipande cha Bodø hadi Svolvær huchukua saa sita hivi: unapanda alasiri, unavuka Vestfjorden, unaona Lofoten ikitokea, unashuka usiku. Tiketi hiyo haina chumba wala chakula cha jioni. Inampa mtu kiti sebuleni, nafasi kwenye deki, na majirani wanaorudi nyumbani na mifuko yao ya ununuzi.